P-39 haina kinyongo na wewe, unaivuta mno

SWALI: Shikamoo Kapteni. Nina simuleta ya ndege nyumbani, kompyuta ya kawaida na joistiki ya mtumba. Nimeipenda P-39 Airacobra, ile ndege ya kivita ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini kila nikikata kona kali nyuma ya adui inaanza kuzunguka kama pia, imelala bapa, fimbo haisikii, mpaka nafika chini. Rafiki yangu anasema ni kwa sababu injini iko nyuma ya rubani, kwa hiyo mkia ni mzito. Ameniuzia faili la mipangilio kwa shilingi 15,000 la kuituliza, na limesaidia kidogo. Anasema pia nisihangaike kupigana nayo angani, eti Warusi waliitumia kupiga vifaru tu. Je, ndege hii ni mbovu kweli? Na kama ni mbovu, mbona watu hawaiachi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hiyo elfu kumi na tano imeshaliwa, tuiache. Mimi nataka nianze na huo "mkia mzito", maana haupiti mwezi bila mtu kuniletea, na kila anayeuleta ameuziwa kitu na aliyemwambia.

Injini ya P-39, Allison ya silinda 12, haiko mkiani. Imekaa katikati ya ndege, usawa wa bawa, mgongoni kwa rubani, na shafti ndefu inapita chini ya kiti chake kwenda kuzungusha propela. Puani, pale ambapo ndege nyingine huweka injini, wahandisi wa Bell, kampuni iliyoitengeneza, waliweka giaboksi, mzinga wa milimita 37 unaopigia katikati ya propela, bunduki nzito mbili, risasi zake zote, na gurudumu la mbele. Ikiwa imejazwa risasi inavyotakiwa, inakaa sawa kwenye mizani. Hakuna mhandisi anayeruka na mkia unaoning'inia halafu akasubiri kijana wa simuleta aje kuugundua.

Matatizo yapo, tena mawili, na ni tofauti na hilo unaloambiwa.

La kwanza ni risasi zenyewe. Mzinga ule unabeba 30, na kila kichwa cha risasi kina uzito wa karibu kilo 0.6. Ukishikilia kitufe mpaka ziishe, na ni kama sekunde 12 tu, umeondoa kilo 18 za vichwa peke yake kutoka puani, hatujagusa baruti wala risasi za zile bunduki mbili. Kitovu cha uzito kinasogea nyuma. Kwenye ndege nyingine usingejali, lakini P-39 ilitoka kiwandani ikiwa na nafasi ndogo ya kuchezea hapo. Fimbo inakuwa nyepesi mkononi, na kuvuta kulekule kwa mwanzo sasa kunainua pua zaidi ya ulivyokusudia.

La pili ndilo watu hawalisemi. Uzito mkubwa wa ndege umerundikwa katikati. Mtu wa mzega ananielewa: madumu yakining'inia kwenye ncha za mti, kugeuka ni kazi, yasogeze karibu na shingo, unageuka kama huna mzigo. P-39 imebeba madumu shingoni. Ukiivuta, pua inaruka mara moja, bawa linapita pembe ambayo upepo unaweza kulifuata, upande mmoja unakata mnyanyuko kabla ya mwingine, na ule mzunguko wako wa pia umeanza. Ndege imetii mkono wako upesi kuliko ulivyozoea. Hicho ndicho unachokiita ubovu.

Sasa tazama faili ulilouziwa linafanya nini. Linakufupishia mkono. Ukivuta fimbo mpaka mwisho, kompyuta inapokea nusu au theluthi mbili, basi. Hiyo ni mipangilio ya joistiki iliyomo kwenye kila simuleta, bure, kurasa mbili ndani ya menyu. Na siku utakapoihitaji pua iinuke kweli, mlima uko mbele yako, utavuta na haitakuja. Mtu huyo amekuuzia kiatu kibana ili usikimbie, akakuambia ni dawa ya kujikwaa.

Kuhusu vifaru. Hili linaniudhi kwa namna nyingine, maana limezaliwa na tafsiri mbovu. Wasovyeti waliandika kwamba kazi kubwa ya vikosi vya P-39 ilikuwa kuyafunika majeshi ya ardhini, yaani kuwa mwamvuli juu ya askari ili ndege za Ujerumani zisiwaangushie mabomu. Huko Magharibi wakasoma "kuyasaidia majeshi ya ardhini", wakaona ule mzinga mkubwa, wakajijazia: inapiga vifaru. Na mzinga wenyewe? Marekani iliwapelekea Wasovyeti risasi za kulipuka, za kupasua ndege. Za kutoboa chuma cha kifaru hawakupewa. Tena risasi yenyewe inatoka polepole, kama mita 610 kwa sekunde, na inaanza kudondoka mapema. Hiyo ni silaha ya mtu aliyesogea karibu kabisa na mshambuliaji, yaani ndege ya mabomu, akapiga mbili tatu, akaondoka.

Ulipouliza mbona watu hawaiachi, hapo ndipo mimi mwenyewe naingia, maana ninayo kwenye kompyuta yangu na mke wangu ameshachoka kuisikia.

P-39 ilikataliwa karibu na kila aliyeigusa. Ilibuniwa iwe ya kukwea juu kuwafuata washambuliaji, ikiwa na mtambo wa tabo wa kuipa injini hewa ya kutosha kule juu; jeshi la Marekani likakubali tabo iondolewe, na kuanzia hapo ikipita mita 4,500 hivi inatweta. Waingereza waliipa skwadroni moja tu, ya 601, ikafanya misheni chache mwaka 1941 wakairudisha. Baadhi ya zile zilizotengenezwa kwa ajili ya Uingereza, zikiitwa P-400, zikaangukia Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, Agosti 1942 kwa Wamarekani. Mfumo wake wa oksijeni ulihitaji mitungi ya shinikizo kubwa ambayo kisiwani hakukuwa na namna ya kuijaza, kwa hiyo marubani walibaki chini huku washambuliaji wa Japani wakipita juu yao. Utani wao wenyewe ulikuwa kwamba P-400 ni P-40, ndege nyingine ya kivita ya Marekani, yenye Zero, ndege ya kivita ya Japani, mkiani.

Kisha zaidi ya 4,700, karibu nusu ya zote zilizotengenezwa, zikaenda Umoja wa Kisovyeti. Nyingi zilirushwa kupitia Alaska na Siberia. Nyingine zilifika kwa meli mpaka Ghuba ya Uajemi na kuunganishwa Abadan, Iran. Kule vita vilipiganwa chini, jeshi la anga likifuata jeshi la ardhini, na ndege iliyokuwa ikitweta kwenye mita 6,000 ikajikuta nyumbani. Masika ya 1943, juu ya Kuban karibu na Bahari Nyeusi, rubani wa Kisovyeti Alexander Pokryshkin na wenzake waliitumia kuwinda. Huyu ni mtu aliyekuja kupewa nishani ya Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti mara 3. Kanuni yake ilikuwa na maneno manne: kimo, kasi, mageuzi, moto. Soma mpangilio wake. Kona imekuja ya tatu, baada ya kimo na kasi. Wewe unaanza nayo, ndiyo maana unazunguka.

Na ina vijimambo vyake. Unaingia kwa mlango wa pembeni, wenye kioo cha kuteremsha kwa mkono kama cha pikapu ya kijijini. Ukiwa umesimama chini pua iko usawa, unaona njia yote ya kurukia, wakati mwenzako wa Bf 109, ndege ya kivita ya Ujerumani, anachungulia ubavuni. Ndege ambayo kila mtu anaidharau ikikuletea ushindi, ushindi ule hauna mwenzake. Kwa Spitfire, ile ya Waingereza inayosifiwa, nani atakuuliza ulifanyaje?

Lakini ngoja nikwambie kwa nini nimekuwa mkali juu ya faili la elfu kumi na tano. Mimi nafundisha urubani wa kweli. Wanafunzi wengi siku hizi wanakuja na saa mamia za simuleta, na nawapenda, wanajua vyombo, wanajua kuongea kwenye redio. Mmoja wao nilimpandisha kwenye Cessna 172, futi 5,000 juu ya ardhi tupu, tukapunguza mwendo ili aone bawa linavyokata mnyanyuko. Bawa la kushoto likaanguka. Mkono wake ukaenda wenyewe: alivuta usukani mpaka kifuani na kuukata kulia. Nusu mzunguko, vumbi la sakafu likapanda hadi usawa wa macho. Nikachukua ndege, nikaachia usukani mbele, pedali ya kulia mpaka mwisho, ikatulia. Alisema, "Nyumbani huwa inarudi." Huwa inarudi kwa sababu alikuwa amewasha msaada na kufifisha joistiki, na kwa miaka mitatu hakuna kitu kilichowahi kumwadhibu kwa kuvuta.

Kwenye futi 5,000 tulicheka. Kosa lilelile kwenye kona ya mwisho kuingia uwanjani, futi 500, umepitiliza mstari wa njia, unasukuma pedali ya ndani na kuvuta ili uirudishe pua, halina marudio. Limeua marubani wenye leseni, dunia nzima, na litaendelea. Sasa hivi wanaouza mafaili ya "kutuliza" ndege wanauza pia kozi za simu za kukutayarisha kwa shule ya urubani. Ukikutana na anayekuahidi ndege isiyoanguka, muulize yeye mwenyewe amekaa saa ngapi kwenye ndege ya kweli. Wengi hujibu kwa kubadilisha mada.

Kwa hiyo: futa hilo faili. Rudisha joistiki kama ilivyokuja. Panda mita 3,000 na risasi zote, kata kona, ongeza kuvuta kidogo kidogo mpaka ndege itetemeke. Mtetemo ule ni ndege inakusemesha, legeza hapohapo. Kisha mwaga risasi zote hewani, rudia kona ileile kwa mwendo uleule, uone mtetemo unakuja mapema kiasi gani. Ikikuzunguka, ondoa nguvu ya injini, pedali kinyume cha mzunguko, fimbo mbele, vibawa vya pembeni uviache katikati. Ikiwa umeshashuka chini ya kimo cha mita 1,500 na bado inazunguka, fungua ule mlango wa gari uruke.

Fanya hivyo mara kumi, halafu niandikie bawa gani linaanguka kwanza.