Ufa wa Nyumba Mpya, Usiuzibe Kwanza

Sote tumelelewa na ile methali ya usipoziba ufa. Mimi ukuta nimejenga, tena nyumba nzima, na siku hizi ndugu akinipigia simu kwamba nyumba yake mpya imepasuka mahali, namwambia: usiuzibe. Uache hapo. Chukua penseli.

Nyumba yetu iko Utange, Mombasa. Kiwanja ni cha hamsini kwa mia, na ramani hatukuinunua kwa mtu. Tulikaa na msanifu miezi mitatu tukibishana naye mpaka ikaja tulivyotaka: baraza mbele kama la nyanya yangu kule Mji wa Kale, ghorofa moja, na paa bapa la kuanikia nguo. Mapatano na fundi yalikuwa yale ya wengi wetu, vifaa vyetu, ufundi wake. Msingi tulichimba kaskazi ya 2018. Masika ya mwaka uliofuata ndiyo mvua ya kwanza kuikuta nyumba ina paa na plasta, na mvua ya Mombasa inayokuja na kusi ni mkaguzi asiyepokea chai.

Ufa niliuona asubuhi, kwenye mlango mkubwa wa kutoka sebuleni kwenda barazani. Ulianzia pembe ya juu ya mlango ukapanda mshazari kuelekea dari, urefu wa mkono wangu. Nikampigia fundi. Akaja, akaupitisha kidole, akacheka.

"Mama Salma, hii ni nywele tu. Nyumba inajinyoosha. Nipe siku moja nipige plasta, hutauona tena."

Kwamba nisingeuona tena alisema kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Kuwa muadilifu kwa mafundi, nyufa nyingi za nyumba mpya kweli ni za plasta. Plasta ikikaushwa na jua la huku bila kumwagiwa maji siku kadhaa, hupasuka vijistari vya kwenda kila upande, kama tope la kidimbwi kilichokauka. Hivyo haviangushi nyumba. Wa kuogopa ni ule unaotoka mshazari kwenye pembe ya mlango au dirisha, ule unaotokeza upande wa pili wa ukuta, na ule ambao ukiupapasa unahisi upande mmoja umesogea mbele kuliko mwenzake. Kipimo changu ni kadi ya benki, ambayo unene wake ni karibu milimita 0.8. Kadi ikiingia, usimwite fundi wa plasta, mwite injinia. Yangu iliingia mpaka kwenye jina langu.

Kabla ya injinia nilimwita ami yangu, mwashi wa zamani ambaye magoti yamemstaafisha. Alikuja na kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, urefu wa kidole, akakilaza juu ya ufa na kukibandika kwa plasta kidogo huku na huku. Kisha akachora kistari cha penseli pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe.

"Kioo hakivutiki," akaniambia. "Ukuta ukitembea, kitavunjika. Kikikaa mzima, ufa umelala."

Siku ya kumi na moja kilikuwa vipande viwili, na ufa ulikuwa umeupita ule mstari kwa upana wa vidole viwili. Sasa nilikuwa na kitu mkononi. Mwanzo nilikuwa na sauti tu, na kwenye mjengo sauti ya mwenye nyumba huhesabiwa kama kelele ya mixa.

Injinia nilimtafuta wa nje, asiyejuana na fundi wala na msanifu, nikamlipa mwenyewe. Pesa hii wengi huionea uchungu kwa sababu hainunui hata jiwe moja. Mimi naiona ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote. Alibandua plasta eneo la kama sinia, akaniita nitazame. Linta, ule mhimili wa zege unaolala juu ya mlango, upande wa kushoto ilikuwa imelalia jiwe inchi mbili tu. Hutakiwa ilale angalau inchi sita kila upande, na waashi wazuri huipa tisa.

Na hapa nikiri. Ni mimi niliyemwambia fundi aupanue ule mlango futi moja, linta ikiwa imeshamwagwa. Nilisimama pale na miwani yangu ya jua nikasema, "Hapa pamebana, ongeza kidogo." Akachonga mawe ya upande ule, akaongeza kidogo. Kosa lake ni kukubali bila kuniambia kwamba nakata mguu wa linta. Langu ni kudhani kwamba nyumba ya ramani yangu mwenyewe naweza kuibadilisha kwa mdomo. Kama unajenga nyumba ya kuchorwa upya, jua kwamba kasoro nyingi hazizaliwi kwenye ramani wala kwenye mwiko, huzaliwa siku mwenye nyumba anapopita jioni na wazo jipya. Wazo likikujia, liandike, mpelekee msanifu, na muulize fundi swali moja mbele ya watu: hiki ninachokiondoa kilikuwa kimebeba nini?

Kilichomrudisha fundi kazini ni kwamba nilikuwa bado nimeshika asilimia 10 ya malipo yake. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza, kwa karatasi na sahihi, kwamba kila awamu nitazuia kumi katika mia, nusu itoke akimaliza, nusu baada ya miezi sita. Alinung'unika sana. Mafundi wetu wamedhulumiwa na matajiri wengi, wengine wakazuiliwa pesa na hawakuziona tena, kwa hiyo simlaumu. Lakini miezi sita hiyo ichague vizuri. Kama nyumba imekwisha wakati wa kaskazi na miezi sita ikamalizika kabla ya masika kumwaga, hujazuia chochote. Hesabu ipitishe mvua.

Tulielewana hivi: ufundi wake, vifaa vyangu, kwa kuwa kosa tumelila pamoja. Slabu, ile sakafu ya zege ya juu, ikaegemezwa kwa nguzo, linta ikabomolewa, ikamwagwa nyingine ndefu, na kwa wiki nne tukawa tunaingia kwa mlango wa jikoni. Mazungumzo yote niliyaandika kwenye WhatsApp hata kama tulikuwa tumeongea ana kwa ana: picha ya ufa, tarehe, tulichokubaliana, "naomba jibu." Na jambo moja zaidi kuhusu adabu: usimgombeze fundi mbele ya vibarua wake. Ukimvunjia heshima pale, hata akiwa anajua amekosa atakataa mpaka kiama.

Kama fundi angekuwa ndiye mkosa peke yake kila mara, makala haya yangeishia hapa. Lakini baada ya linta ikaja chumvi.

Chini ya kuta, pande tatu za nyumba, rangi ilianza kufura kama andazi, ikapasuka, ikamwaga unga mweupe sakafuni. Nafagia asubuhi, jioni umerudi. Safari hii nilikuwa na hasira ya akiba, nikamwandikia fundi ujumbe mrefu ambao nashukuru wajukuu wangu hawatausoma. Kwamba hakuweka ile karatasi nyeusi ya lami juu ya msingi, ile inayozuia unyevu usipande, na kwamba pesa yake iliyobaki asiiulize.

Ami alikuja, akachota ule unga kwa ncha ya kidole, akaweka kwenye ulimi, akatema. "Chumvi." Kisha badala ya kutazama ukuta akatoka nje.

Mantiki yake ni hii. Chumvi ikitapakaa ukuta mzima mpaka juu, imetoka kwenye mchanga au maji yaliyochanganyiwa simiti. Ikikaa chini tu, chini ya mita moja hivi, inapanda na unyevu wa ardhini, na mawe yetu ya matumbawe hunywa maji kama sponji. Yangu ilikuwa ya chini. Akachokonoa kando ya ukuta kwa bisibisi, na kumbe karatasi ilikuwepo, ukingo wake mweusi ukichungulia, imezikwa inchi nne chini ya kabro, yale matofali ya kutandika uani.

Kabro niliweka mimi. Vijana niliwatafuta mwenyewe baada ya fundi kuondoka, nikawaambia wainue ua ili maji yasituame getini, nao wakainua kwelikweli. Ardhi ya nje hutakiwa kubaki kama inchi sita chini ya ile karatasi. Ikipanda juu yake, unyevu unairuka na kuingia ukutani kama hakuna kitu.

Nilimpigia fundi kumwomba radhi. Akanyamaza kidogo. "Sawa, mama," akasema. "Wengi hawapigi simu ya pili."

Tiba yenyewe haikuwa ghali, ilitaka subira. Tuling'oa kabro kando ya kuta zote, upana wa futi moja, tukashusha ardhi na kujaza kokoto. Ndani tukabandua plasta iliyooza. Chumvi usiioshe kwa maji, kwa sababu inayeyuka na kurudi ndani ya jiwe. Isugue kavu kwa brashi, fagia, rudia. Kisha tukaacha kuta wazi kaskazi nzima zikauke, wageni wakidhani tumeishiwa. Plasta mpya tulipiga ya chokaa. Simiti juu ya jiwe lenye unyevu ni kama kumvisha mtu koti la mvua akiwa ameshalowa, ilhali chokaa hupumua. Wazee wa Mji wa Kale walilijua hilo, na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ni matumbawe na chokaa na bado inapokea wageni.

Sasa niseme la maji, maana ndilo lisilo na tiba rahisi. Ami aliponiuliza, "Slabu mlimwaga kwa maji ya wapi?" sikuwa na jibu. Nikauliza, nikaambiwa kwamba wiki ile bauza, lori la maji, halikuja, vijana wakachota kisima cha jirani. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi ndani ya zege hula vyuma. Chuma kikipata kutu hufura, kikifura hupasua zege kwa ndani, na haya huyaoni mwaka wa kwanza, huenda hata wa tano. Injinia alitoboa slabu, akachukua unga wake ukapimwe maabara. Majibu: chumvi ipo, si ya kubomoa, lakini si ya kusahau. Kwa hiyo wewe ambaye hujamwaga, siku ya slabu usiende kazini. Onja maji. Hesabu mitungi pia: mfuko wa simiti wa kilo 50 unataka kama lita 25, yaani mtungi mmoja na robo. Vijana huongeza ili zege liteleze na kazi iwe nyepesi, na kila mtungi wa ziada unapunguza nguvu.

Mengine ni madogo, yafanye kabla ya kutoa pesa ya mwisho. Gonga vigae kimoja kimoja kwa sarafu, kinacholia kama debe tupu hakijashika. Mwaga ndoo ya maji bafuni uone yanakimbilia shimo au mlango. Paa bapa, ziba matundu ya kutolea maji, jaza kina cha vidole viwili, acha saa 24, kisha shuka chini utazame dari. Letu lilivuja pembeni mwa ngazi, fundi akalirekebisha siku hiyohiyo bila neno.

Na mkishindwana kabisa? Kwanza, hakikisha mkandarasi amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo huwapanga kwa madaraja kuanzia 1 hadi 8. Asiyesajiliwa huna pa kumshtakia kikazi. Dai lisilozidi shilingi milioni 1 laweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, ambako sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dai la mkataba kwa jumla lina miaka sita kabla ya kupitwa na wakati. Utakachohitaji kote huko ni mkataba, picha zenye tarehe, risiti, na ripoti ya injinia. Risiti hasa, kwa sababu kwenye mapatano ya vifaa vyako na ufundi wake, kitu kikiharibika yeye atasema ni vifaa na wewe utasema ni ufundi. Weka daftari pale mjengoni: lori gani la mchanga, siku gani, nani alipokea. Mimi sikuweka, ndiyo maana lile la kisima niliambiwa kama hadithi.

Januari hii tulipaka rangi upya. Kijana wa rangi alipanda ngazi jikoni, akainama kuniuliza kuhusu duara la penseli lililo chini ya slabu, na doa la rangi ya chai, kama la kutu, katikati yake, na tarehe nne zilizoandikwa pembeni.

"Mama, hapa nipitishe?"

Nikamwambia alizunguke. Doa bado liko ndani ya duara.