Mwalimu Anajibu: Amekwama la tano, tunampa mapepa ya la saba

*Shikamoo Mwalimu. Ninalea mtoto wa marehemu dada yangu, yuko darasa la saba hapa Morogoro. Kwenye moko, yaani mtihani wa majaribio, amepata alama 14 kati ya 50 za Hisabati, ingawa masomo mengine yuko vizuri. Tuisheni anapewa mapepa ya miaka ya nyuma kila jioni, na kila akirudi ni machozi. Mimi niliishia la saba na mengi nimeyasahau. Nimwachishe tuisheni? Nifanye nini kabla ya mtihani wa Septemba? – Mama Mdogo, Morogoro*

Marahaba, Mama Mdogo. Pole kwa kufiwa na dada, na hongera kwa kumshika mwanawe.

Alama 14 ni daraja D, lakini hiyo haikuambii kesho uanzie wapi. Kinachokuambia ni karatasi yenyewe. Mwombe akuletee pepa la moko na daftari alilokokotolea, mkae pamoja, kisha mfuate njia aliyopita kwenye kila swali alilokosa. Nimefundisha Hisabati madarasa ya juu mpaka nikastaafu, na nakuambia kwa uhakika: mtoto wa la saba anayeanguka Hisabati mara nyingi hakuangushwa na mada za la saba. Alikwama la nne au la tano, kwenye jedwali la kuzidisha na kwenye sehemu, na mada zote zilizofuata zikapangwa juu ya hapo. Ukimpa pepa zima kila jioni, unamgonga kidonda kilekile swali baada ya swali. Ndiyo maana analia.

Anza na hili: 2/3 + 1/4. Akiandika 3/7, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Usikimbilie kumsahihisha. Muulize, theluthi mbili inazidi nusu au haifiki? Atasema inazidi. Na 3/7 je? Nusu ya 7 ni tatu na nusu, kwa hiyo 3/7 haifiki nusu. Sasa, ulikuwa na zaidi ya nusu, ukaongezewa robo, imekuwaje umebaki na pungufu ya nusu? Hapo nyamaza, mwache afikiri. Akishaona mwenyewe kwamba jibu lake haliwezekani, ndipo Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) kinakuwa na kazi machoni pake: 3 na 4 zinakutana kwenye 12, theluthi mbili ni 8/12, robo ni 3/12, jumla 11/12. Na ujue kwamba kwenye maswali ya kuchagua, jibu kama 3/7 huwekwa makusudi miongoni mwa herufi, kwa sababu mtunzi analijua kosa hilo.

KDS haiendi bila jedwali. Wengi wanateleza kwenye 6, 7 na 8. Muulizeni 7 × 8 au 6 × 7 mnapochambua mchicha, bila kalamu, bila fimbo.

Kagua pia MAGAZIJUTO. Watoto wanaiimba vizuri: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe 20 − 8 + 5. Anayefuata wimbo neno kwa neno atajumlisha 8 na 5 kwanza, apate 13, kisha atoe, ajibu 7. Jibu ni 17. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, unakwenda kutoka kushoto kuelekea kulia, kama ilivyo kwa kugawanya na kuzidisha. Hili linanikera, kwa sababu mtoto anakosa alama huku anaamini kabisa ametii kanuni.

Kwenye desimali, muulize ipi kubwa, 0.5 au 0.35. Akisema 0.35 kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 5, chukueni futikamba ya fundi cherehani aone sentimita 50 na sentimita 35 za mita moja. Kwenye faida, mkumbushe asilimia inatokana na bei ya kununulia: kitu cha shilingi 40,000 kikiuzwa 50,000, faida ni asilimia 25, si 20.

Usione haya kurudi kwenye kitabu cha darasa la nne. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao ambako vitabu vya kiada vinasomwa bure kwa simu. Baraza la Mitihani nalo huweka kwenye tovuti yake uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoonyesha kwa nini wengi walichagua herufi isiyo sahihi. Usome wewe mwenyewe. Umeandikwa kwa lugha unayoielewa.

Tuisheni usimwachishe. Nenda kaongee na mwalimu wake kwa heshima, mwombe wiki hizi amfundishe sehemu, desimali na asilimia peke yake. Pepa zima liwe Jumamosi tu, kwa kupimiwa muda, na Jumapili mpitie alipokosea.

*Shikamoo Mwalimu. Nipo darasa la sita. Kwa nini 1 siyo namba tasa wakati inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe? – Mwanafunzi, Tanga*

Marahaba, mjukuu wangu. Umeuliza vizuri sana. Namba tasa lazima iwe na vigawo viwili vilivyo tofauti. 7 ina 1 na 7. Hiyo 1 ina kigawo kimoja tu, kwani "1" na "yenyewe" ni kitu kilekile. Tena angalia 12: kwa namba tasa unaiandika 2 × 2 × 3, na hata ukibadili mpangilio, hakuna namba tasa nyingine zitakazokupa 12. Tungeihesabu 1 kuwa tasa, ungeweza kuandika 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na kuendelea bila kikomo. Jaribu sasa 60 na 84, kisha utumie vigawo hivyo kutafuta KDS yake. Ukipata 420, umepatia.