Mkataba wa Verstappen hadi 2028 hauzimi uvumi

Ndugu, unasema Verstappen, dereva wa mbio za magari za Formula 1, hawezi kwenda timu ya Mercedes kwa sababu ana mkataba na timu ya Red Bull hadi 2028. Mwaka peke yake hautoshi. Agosti 2023 Mercedes walitangaza dereva wao Hamilton atabaki nao hadi mwisho wa 2025. Februari 1, 2024 ikatangazwa anahamia timu ya Ferrari. Mkataba ule ulikuwa na kipengele cha kumruhusu kuondoka mapema, akakitumia. Kwa hiyo uliza kwanza vipengele vinasemaje, halafu kiti gani, yaani nafasi ya dereva katika timu, kiko wazi.

Aliyeonewa pale, kwa maoni yangu, ni Sainz, dereva wa Ferrari ambaye Hamilton alichukua kiti chake. Alijua hana kiti Ferrari kabla msimu wa 2024 haujaanza, akashinda mbio za Australia na Mexico mwaka huo, na bado akaishia Williams, timu dhaifu kuliko Ferrari.