Maswali ya Wasomaji: Pipa la Barafu, Saa za Kula na Saa ya Mkononi

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mbinu za watu wanaojiita wadukuzi wa mwili, yaani wale wanaojipima kila siku na kujirekebisha kwa barafu, kufunga, vidonge na vifaa vya kielektroniki, wakitarajia nguvu zaidi na umri mrefu zaidi. Nimechagua tatu ambazo utafiti umezigusa moja kwa moja.

Daktari, mimi ni kijana ninayenyanyua vyuma jimu. Kwenye simu naona watu wakiingia katika pipa la barafu mara tu baada ya mazoezi, wakidai kwamba misuli hukua haraka na dopamini, kemikali ya ubongo inayohusishwa na raha na hamasa, hupanda kwa asilimia 250. Nimeanza kununua barafu kwa wauza samaki. Je, napoteza pesa? — Msomaji, Mombasa

Ikiwa shabaha yako ni misuli, hupotezi pesa tu, bali unapoteza na sehemu ya jasho lako. Mwaka 2015 watafiti wa Australia walichapisha jaribio lililowahusisha wanaume 21 waliozoea mazoezi, ambao walinyanyua vyuma kwa miguu mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki 12. Kila walipomaliza, kundi moja lilikaa dakika 10 katika maji ya nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na kundi la pili likaendesha baiskeli ya mazoezi polepole. Mwishoni, walioendesha baiskeli ndio waliokuwa wameongeza misuli na nguvu zaidi. Watafiti walipochukua vipande vidogo vya misuli na kuvichunguza, waliona kwamba baridi ilikuwa imefifisha zile ishara za ndani ya seli zinazoamuru misuli ijijenge baada ya kuchoshwa. Ishara hizo ni sehemu ya kazi yenyewe ya ujenzi, na anayezizima mapema humfukuza fundi kabla hajamaliza ukuta.

Kuhusu dopamini, tarakimu uliyoisikia ni ya kweli, lakini imenyofolewa mahali pake. Inatoka katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, ambamo vijana wa kiume walikaa ndani ya maji ya nyuzi 14, kichwa tu kikiwa nje, kwa saa nzima. Dopamini katika damu yao ilipanda kwa asilimia 250, na noradrenalini, homoni inayouamsha mwili wakati wa mshtuko, kwa asilimia 530. Dakika mbili ndani ya pipa si saa moja, na dopamini iliyopimwa katika damu ya mkono haituelezi moja kwa moja kinachotokea ndani ya ubongo. Ninaona tarakimu hii ikirudiwa na watu ambao, kwa hakika, hawajausoma ukurasa wa kwanza wa utafiti wenyewe.

Hata hivyo nisikukatishe tamaa kabisa. Uholanzi walifanya jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2016, ambamo watu 3,018 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walioga kama kawaida, na wengine walimalizia kuoga kwa maji baridi ya bomba kwa sekunde 30, 60 au 90, kila siku kwa siku 30. Waliooga maji baridi walikosa kazi kwa sababu ya ugonjwa kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 29, na sekunde 30 zilitosha sawa na 90. Lakini angalia jambo ambalo matangazo hayalisemi: siku walizojisikia wagonjwa hazikupungua. Waliugua sawa na wenzao, ila walikwenda kazini. Isitoshe, hakuna namna ya kumwagia mtu maji baridi bila yeye kujua, kwa hiyo imani yake huingia katika matokeo. Na maji ya bomba ya Uholanzi wakati wa baridi kali si maji ya bomba ya Mombasa, ambayo hata mwezi wa Julai hayakaribii ubaridi huo.

Ukipenda barafu kwa sababu inakuchangamsha, ingia siku usiyonyanyua vyuma. Usiingie peke yako, na usiingie kabisa ukiwa na shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, kwa sababu mwili unapokutana na baridi ya ghafla hushtuka, mtu akavuta pumzi bila kukusudia, na moyo ukaenda mbio.

Shikamoo Daktari. Mume wangu ana kisukari na anatumia vidonge. Siku hizi anakula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu, akisema ni sawa na funga ya Ramadhani na kwamba sayansi imethibitisha faida zake. Niwe na wasiwasi? — Mama wa watoto wanne, Temeke

Marahaba, mama. Nianze na vidonge kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Kama miongoni mwa dawa zake imo glibenklamidi, kidonge kinachosukuma mwili utoe insulini zaidi, au kama anachoma insulini, kukaa saa 16 bila chakula kunaweza kuishusha sukari hadi akatetemeka, akatokwa jasho jembamba au kupoteza fahamu. Aende kwanza kliniki yake apangiwe upya dozi na saa za kuimeza, kama wanavyofanya wagonjwa makini kabla ya mwezi wa Ramadhani. Akitumia metformini, kidonge kingine cha kisukari, peke yake hatari hiyo ni ndogo sana, lakini bado aseme kliniki.

Funga ya Ramadhani ni ibada, na mpangilio wake ni tofauti: mtu hula usiku, huamkia daku, na mchana hanywi hata maji. Matokeo ya mpangilio mmoja hayawezi kubandikwa juu ya mwingine.

Sasa hilo la kuthibitishwa. Saa anazozifuata mumeo ndizo hasa zilizopimwa katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020, lenye washiriki 116. Baada ya wiki 12, waliokula kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku walipungua wastani wa kilo 0.94, na waliokula milo mitatu ya kawaida walipungua kilo 0.68, tofauti ambayo haina uzito wa kitakwimu, yaani inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu. Huko Guangzhou, China, watu 139 wenye unene wa kupindukia walifuatwa kwa mwaka mzima, makundi yote mawili yakipunguziwa kiasi cha chakula kwa kipimo kimoja, na moja tu likiwekewa mpaka wa saa. Walipungua kilo 8.0 na 6.3, nako tofauti haikutosha kitakwimu. Kilichowapunguza ni kiasi cha chakula. Kuna utafiti mmoja wa mwaka 2018 ulioonyesha kwamba kumaliza kula kabla ya saa tisa alasiri kuliboresha kazi ya insulini na shinikizo la damu hata bila uzito kupungua, lakini ulikuwa na wanaume wanane tu, na mumeo anaanza kula wakati wao wanakaribia kumaliza.

Mimi ningemuuliza anakula nini ndani ya saa zake nane. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Kilimanjaro lililowahusisha vijana 77 wenye afya. Waliotolewa katika vyakula vya asili vya mkoa huo na kulishwa vyakula vya kimagharibi kwa wiki mbili tu walionyesha dalili za mchochota katika damu, yaani kinga ya mwili kuwashwa, na kwa waliotolewa katika vyakula vya kimagharibi na kulishwa vya asili dalili hizo zilipungua. Huo ni utafiti wa muda mfupi, na ulipima damu, haukupima maradhi. Hata hivyo ulifanyika kwetu, kwa vyakula vinavyouzwa sokoni kwetu.

Daktari, kila asubuhi saa yangu ya mkononi inaniambia kwamba usingizi wangu mzito ni hafifu, ingawa naamka mzima. Tena nasoma kwamba wazee wetu, kabla ya umeme, walilala saa nane au zaidi. Nifanye nini? — Msomaji, Dodoma

Saa hiyo hupima mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, haipimi mawimbi ya ubongo. Kukisia kama umelala au uko macho inajitahidi, lakini katika kutenganisha usingizi mzito na mwepesi hukosea mara nyingi. Na kuhusu wazee wetu, mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa watu wazima 94 wa jamii tatu zisizo na umeme, wakiwemo Wahadzabe wa hapa Tanzania: walilala kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku. Utafiti mwingine, wa mwaka 2017, uliwapima Wahadzabe 33 kwa siku 20, na katika muda wote huo zilipatikana dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Kuamka usiku si ugonjwa.

Ivue saa hiyo unapolala. Lakini kama mwenzako anasema unakoroma na kukata pumzi, au unasinzia mchana ukiwa unaendesha gari, nenda hospitali, hata kama saa inakupa alama nzuri.