Muulize Shangazi: Ijumaa bila nyama, usiku tule nini?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi naishi Kimara, kazi nafanya Posta, sisi ni Wakatoliki, Ijumaa hatuli nyama, na hii Kwaresma itanimaliza. Ijumaa nikitoka kazini napitia Njia ya Msalaba, mpaka nigombanie mwendokasi nifike nyumbani ni saa mbili usiku na watu wana njaa, basi kila Ijumaa ni wali maharage, ikibadilika ni ugali maharage, juzi kitinda mimba wangu wa miaka 6 kaniuliza eti mama Ijumaa Kuu ziko ngapi. Wa kwanza ana miaka 15, wa kati 11. Baba yao katokea Moshi, ndizi bila nyama kwake ni kama hajala, na sasa amekuja na hoja kwamba kuku sio nyama, kuku ni kuku, na kwamba nikipika ndizi kwa supu ya mifupa bila kuweka minofu hatujavunja kitu. Nisaidie mapishi, na umwambie na yeye maana mimi hanisikii. Mama Watatu, Kimara.

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na shemeji ili tuendelee kwa amani. Shemeji, kuku ni nyama. Bata nyama, kanga nyama, njiwa nyama, sungura ndo usiseme. Samaki na jamaa zake wa majini ruksa, mayai ruksa, maziwa ruksa, hayo mawili ya mwisho yaliandikwa wazi na Papa Paulo VI mwaka 1966 na hayajabadilika. Hiyo ya supu ya mifupa naona unatafuta mlango wa uani, mtu anayechemsha mifupa ya ng'ombe masaa matatu ili ndizi zinukie nyama hata kama sheria haitaji supu, moyo wake uko kwenye nyama, sema kaiyeyusha.

Watoto: wajibu wa kuacha nyama unaanza ukitimiza miaka 14, kwa hiyo huyo wa 15 yumo, wa 11 na wa 6 hawabanwi. Ila usije ukapika sufuria mbili, utakufa mapema. Kinachopikwa kinaliwa na wote, na hata hao wadogo Kanisa linataka wafundishwe maana yake taratibu. Na ujue kanuni ya 1251 ya sheria za Kanisa Katoliki inataja Ijumaa za mwaka mzima, sio za Kwaresma peke yake, isipokuwa maaskofu wa nchi wanaweza kupanga toba nyingine badala yake, hapo sikiliza matangazo ya parokiani kwako.

Sasa jikoni. Nimesoma swali lako mara mbili, shida yako wala sio mapishi, shida yako ni Alhamisi. Mboga ya Ijumaa inapikwa Alhamisi. Ukianza kuwaza saa mbili usiku umevaa viatu vya kazini, maharage hayataiva na utaishia kukaanga mayai huku unalia. Jumatano usiku kabla ya kulala loweka kitu cha kuchemsha Alhamisi, chochote, mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe. Au Jumapili mchana chemsha mbaazi au maharage mengi kwa mara moja kwenye mkaa, gawa kwenye vimfuko, tia frizani, Ijumaa asubuhi unashusha kimoja kwenye friji kinayeyuka chenyewe ukiwa kazini. Huyo wa miaka 15 anaweza kabisa kuanza kukata vitunguu saa kumi na mbili, sio mgeni huyo.

Mbaazi za nazi ndo ningeanza nazo mimi. Dar tumezizoea asubuhi na maandazi, tunasahau kwamba usiku na chapati zinashusha heshima ya biriani. Mbaazi zimeshaiva toka Alhamisi, unaweka tui jepesi, kitunguu, nyanya kidogo, chumvi, bizari ya manjano nusu kijiko, pilipili mbuzi nzima usiipasue, ziache zichemke mpaka lile tui liingie, halafu mwisho kabisa tui zito, na hapa usiondoke. Unakoroga taratibu bila kufunika mpaka lianze kutokota basi, zima. Mi kuna Ijumaa nilitia tui zito nikafunika sufuria nikaenda kupokea simu ya jumuiya, simu za jumuiya unazijua, nikarudi nakuta limekatika, mafuta juu, maji chini, mbaazi zimelala katikati kama zimefiwa. Walikula kimya kimya. Kama huna muda wa kukuna, tui la paketi linafaa, ila kama mbuzi yako ya kukunia ipo uvunguni itoe, huyo ndo mbuzi pekee anayeruhusiwa Ijumaa.

Kwa shemeji mpikie kiburu, asije akasema nimemtupa. Kwao wanakijua vizuri, ni ndizi na maharage, tena ni chakula cha bibi yake huyo kabla hajaja mjini kuanza kudai nyama kwenye kila sahani. Maharage yawe yameiva tayari, ndizi mbichi umenye ukate, vichemke pamoja mpaka ndizi zilainike, unaviponda kidogo kwa mwiko vishikane, chumvi, kitunguu kilichokaangwa pembeni unamwagia juu. Nusu saa imeisha. Wengine wanaweka magadi kidogo, mi siweki, ladha yake siipendi.

Dagaa usiwadharau. Wa Kigoma ni wasafi na bei yao inajieleza, wa Mwanza ni rahisi ila wanataka kazi: toa vichwa na ule uchungu wa tumboni, wakaange kwenye kikaango kikavu dakika chache mpaka wanukie, kisha waoshe kwa maji ya moto mara tatu, usimwage kwa kuwageuza wote, watoe kwa mkono mchanga ubaki chini. Hiyo kazi ifanye Jumamosi kwa kilo nzima, uwaanike wakauke kabisa, ndo uwahifadhi kwenye kopo. Ijumaa ni kitunguu, nyanya, karoti, hoho, dagaa, mwisho kamulia ndimu, ugali uko pembeni, dakika ishirini watu wameshakaa. Huyo wa miaka 6 akigoma macho ya dagaa mwambie vichwa vimeshatolewa, hawana macho.

Na we unafanya kazi Posta, Feri uko nayo pua na mdomo. Mchana kimbia kanunue vibua, angalia mashavu yawe mekundu na macho yasiwe yamezama wala kuwa na ukungu, wapo vijana pale wanakuparulia kwa hela kidogo. Tatizo ni kwamba wataoza mezani kwako mpaka jioni kama ofisini hakuna friji, halafu ndani ya mwendokasi wote watageuka kukuangalia wewe. Kwa hiyo nunua waliokaangwa tayari, wafunge vizuri, nyumbani unapika rojo zito la nyanya na tui unawatumbukiza dakika tano tu. Pembeni matembele au mchicha.

Kisamvu nakitaja haraka, nunua kilichotwangwa, chemsha sana, narudia sana, kisamvu kisichoiva sio kizuri kwa afya, halafu karanga za kusaga na tui. Hicho nacho ni cha kuweka frizani. Makande sikushauri kabisa kwa Ijumaa yako, mahindi yale yatakulaza saa sita usiku na mtungi wa gesi utaisha.

SWALI: Shangazi habari, mi bachela nakaa Sinza, Ijumaa zangu zote ni chipsi mayai za jamaa wa hapa kona. Sasa yule jamaa mafuta anayokaangia chipsi ndo yale yale aliyokaangia kuku, na mishkaki iko jirani kabisa inadondosha mafuta. Hapo nimefunga au sijafunga?

JIBU: Hujafunga mwanangu, wala hukutakiwa kufunga, umejinyima nyama, ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Kufunga kwenyewe, yaani mlo mmoja wa kushiba na viwili vidogo, ni Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 mpaka 59. Ijumaa zingine za Kwaresma ni kuacha nyama tu. Zege lako, yaani hizo chipsi mayai, liko salama, na kuhusu mafuta usijitese, hata ile hati ya Papa Paulo VI ya 1966 iliruhusu mafuta ya wanyama kama kiungo. Ukianza kuchunguza karai la muuza chipsi hutakula tena maisha yako, sio Ijumaa peke yake. Ila ukisikia mdomo unasema "niwekee na mshikaki mmoja" hapo ndo umeharibu.

Lakini kijana, Ijumaa zote? Mayai unaweza kuyapika mwenyewe: chemsha manne, menya, kaanga kitunguu na nyanya tatu na bizari kidogo, tia viazi viwili ulivyokata vidogo, maji nusu kikombe, vikiiva tumbukiza mayai. Mkate wa kuchovya unao dukani. Imetoka hiyo.

SWALI: Shangazi shikamoo, nipo Mbagala. Mume wangu Ijumaa za Kwaresma analeta kamba wakubwa, nguru, pweza, juzi ngisi. Anasema sio nyama, ni kweli sio nyama, lakini hela tunayotumia Ijumaa inazidi ya Pasaka. Nanung'unika moyoni, au mi ndo mbaya?

JIBU: Marahaba. Sio mbaya, una hesabu nzuri. Hajavunja sheria yoyote, ila kujinyima ng'ombe ili ule kamba ni kama kuhama chumba cha uani kwenda cha mbele ukasema umesafiri. Ongea naye Jumanne sio Ijumaa, mwambie Ijumaa ijayo mboga ni kunde na nyanya chungu, na hela ya kamba iende kwenye bahasha ya Kwaresma mbele ya watoto waione ikiingia. Nguru akimkuta kwa bei nzuri amnunue tu, akae frizani mpaka Jumapili. Pweza mimi niletee.

SWALI: Shangazi, mwaka 2021 tarehe 19 Machi, Ijumaa kabisa ya Kwaresma, jirani yangu Mkatoliki alichoma nyama mpaka moshi ukaingia chumbani kwangu. Mpaka leo namuangalia vibaya. Nilikosea?

JIBU: Ulikosea. Tarehe 19 Machi ni Sherehe ya Mtakatifu Yosefu, na sherehe ikiangukia Ijumaa ile kanuni ya nyama haifanyi kazi siku hiyo. Mwaka 2027 inaangukia Ijumaa tena, kwa hiyo anza kumsalimia sasa hivi ili ualikwe.