Mama ana sukari na presha, jirani kaleta chupa ya majani: jibu kwa dada wa Goma

Dada, umesema mama yako anameza metformin na glibenclamide za sukari, pamoja na amlodipine ya presha. Sasa jirani kamletea chupa ya majani yaliyochemshwa na kopo la vidonge vya "mitishamba" vya maumivu ya viungo, nawe unauliza kama achanganye. Asichanganye. Chupa muiweke kando mpaka ijulikane ndani yake mmechemshwa nini. Lile kopo linanitisha zaidi, nitalifikia.

Mimi si daktari. Nimemuuguza baba yangu mwenye kisukari hapa Bukavu, naye alikuwa anatumia hiyohiyo glibenclamide. Shangazi yetu, kwa upendo kabisa, akamletea kidumu cha dawa chungu na kumwambia anywe glasi moja kila asubuhi kabla hajala. Sisi watoto hatukuambiwa. Asubuhi moja nikamkuta kitandani, shuka imelowa jasho, vidole vinatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Nikamtoboa kidole, mashine ikaonyesha 41 (kwa mg/dL), sukari iko chini mno. Kwa bahati alikuwa bado anaweza kumeza, kwa hiyo nikamkorogea vijiko vitatu vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, akanywa polepole. Baada ya robo saa nikapima tena, ilikuwa imeanza kupanda, tukamkimbiza hospitali.

Kitu cha kwanza muuguzi alichouliza ni kama kuna kingine alichokunywa mbali na vidonge. Tukaangaliana. Ilibidi shangazi aitwe, naye akataja mubirizi na gome jingine ambalo yeye mwenyewe aliuziwa bila kuambiwa jina.

Mubirizi huku Kivu ni mti wa uani, watu wanaunywa kwa tumbo, kwa minyoo, kwa homa. Majani yake yamejaribiwa kwa wanyama maabara na yameonekana kushusha sukari. Ndiyo maana yana hatari kwa mtu kama mama yako: glibenclamide inalisukuma kongosho litoe insulini, mgonjwa awe amekula au hajala. Ukiiongezea kingine kinachoshusha sukari, na tumbo likiwa tupu, sukari inaporomoka. Uwatu na karela (tunda chungu linalofanana na tango) navyo ni hivyohivyo. Tena glibenclamide hukaa mwilini muda mrefu, mgonjwa anaweza kuzinduka, akacheka na watu, halafu sukari ikashuka upya jioni. Ndiyo sababu baba walimlaza, hawakumruhusu arudi nyumbani siku ile.

Najua jirani atakwambia ni majani tu, ni ya asili, hayana madhara. Sisi watu wa Bukavu hatuna haki ya kuamini hilo. Kwinini inatoka kwenye gome la mti uliopandwa katika milima yetu, na kiwanda cha Pharmakina kimelisindika hapahapa mjini. Gome hilo limeokoa watu wa malaria wasiohesabika. Ukizidisha kipimo, masikio yanavuma, macho yanaweza kuharibika, na sukari pia inashuka. Metformin yenyewe asili yake ni utafiti uliofanywa juu ya mmea wa Ulaya uitwao galega. Kama jani lina nguvu ya kuponya, basi lina nguvu ya kudhuru, na kipimo chake kinatakiwa kijulikane.

Sisemi mumnyime mama kila kitu. Tangawizi kwenye chai na kitunguu saumu kwenye mboga ni chakula, ale. Vidonge vya kitunguu saumu ni habari nyingine, hasa kwa anayetumia aspirini au dawa za kuzuia damu kuganda, maana vinaweza kuongeza kutokwa damu. Na kwa kuwa uzi huu unasomwa na kina mama wengi: tafadhali, msimtilie mtoto mchanga majani kwa njia ya haja kubwa. Watoto wameharibika figo kwa lavema hizo, na wengine wamekufa.

Kuna mama mmoja anayeuza magome soko la Kadutu, ninamheshimu sana. Ukimuuliza anakutajia jina la mti bila kusita, anakuonyesha gome zima, na akisikia una mimba hakuuzii. Mtu wa namna hiyo unaweza kuzungumza naye. Poda iliyofungwa kwenye kifuko cha plastiki, ambayo hata muuzaji hajui imetoka wapi, iacheni.

Sasa kopo. Baadhi ya dawa za viungo zinazouzwa kwa jina la mitishamba, zikipimwa maabara, zimekutwa zimetiwa kwa siri dawa za hospitali: dexamethasone (ya jamii ya steroidi) au diclofenac (ya maumivu). Dalili yake ni nafuu ya ghafla: mtu aliyekuwa anachechemea, kesho anapanda kilima. Baadaye uso unajaa, na sukari na presha vinapanda hata kama anameza dawa zake vizuri. Kama mama ameshavitumia kwa wiki kadhaa, asiache kwa ghafla akiwa nyumbani. Mwili uliozoea dexamethasone ukinyimwa mara moja unaweza kuanguka vibaya. Daktari ndiye atakayempangia namna ya kupunguza.

Umeandika kwamba mama anaogopa kugombezwa na daktari. Basi ingia naye wewe, uweke kopo na chupa mezani, useme: "Daktari, mama ametumia hivi, tusaidie." Hata akigomba, atakuwa ameona. Jirani naye mfuate leo kwa heshima, umuombe majina ya majani yote, uyaandike kwenye daftari la sukari la mama.

Na kama alikwisha kunywa glasi moja, usiku huu hakikisha amekula, mpime kabla hajalala na umwamshe umpime tena usiku. Ikiwa chini ya 70 (mg/dL), mpe sukari, umpime tena baada ya robo saa, na mwende hospitali hata kama anasema amepona. Asipoweza kumeza, usimtie kitu mdomoni, mbebeni mara moja.