Hesabu kaboni kwanza, hamira baadaye

Kosa langu la kwanza maabara lilinila wiki mbili. Nilipandikiza FAD3, jeni ya mmea ya kutengeneza mafuta ya omega-3, kwenye hamira ya mikate, nikaotesha, nikakamua mafuta, nikangoja omega-3. Haikuonekana hata chembe. Nikailaumu jeni, nikailaumu mashine, nikarudia upya. Kumbe hamira hiyo ina kimeng'enya (protini inayoendesha mmenyuko) kimoja tu cha kuweka vifungo maradufu kati ya kaboni za asidi za mafuta, delta-9, kinachoishia kwenye asidi ya oleiki, yenye kifungo kimoja. FAD3 hutaka asidi ya linoleiki, yenye vifungo viwili. Nilikuwa nimemweka mpishi jikoni bila unga! Nilipoongeza linoleiki kwenye chakula cha hamira na kushusha joto hadi nyuzi 20, mambo yakanyooka. Ingekuwa FAD2, jeni ya mmea ya hatua iliyo kabla, ningepona, maana yenyewe huanzia kwenye oleiki.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usikimbilie kukariri majina. Hesabu kaboni. Delta huhesabiwa kutoka ncha yenye asidi, omega kutoka ncha ya pili, ile ya methili. Linoleiki ina kaboni 18, na vifungo maradufu kwenye 9 na 12. Kumi na nane toa 12, hiyo ni omega-6. Mmea ukiongeza kifungo kwenye 15, umepata alfa-linoleniki, omega-3.

Sisi mamalia hatuna kimeng'enya cha kuweka kifungo kupita kaboni ya 9, ndiyo maana asidi hizo mbili lazima tuzile. Tukishazila, kazi yetu hufanyika upande wa asidi, kwa vimeng'enya vitatu: FADS2 huweka kifungo kwenye 6, ELOVL5 huongeza kaboni 2, FADS1 huweka kwenye 5. Tulia hapa kidogo. Kaboni mpya huingia upande uleule wa asidi, kwa hiyo namba za delta husogea lakini ya omega haitikisiki. Linoleiki huishia arakidoniki, ambayo ni omega-6, alfa-linoleniki huelekea EPA, ambayo ni omega-3, na hakuna kuhama ukoo. Linoleiki na alfa-linoleniki hupanga foleni kwa FADS2 ileile, na foleni hiyo haiendi haraka.

DHA, omega-3 ndefu zaidi itokanayo na EPA, ina njia yake ya kuzunguka: mnyororo hurefushwa hadi kaboni 24, FADS2 hurudi kazini mara ya pili, kisha peroksisomu, kifuko kidogo ndani ya seli, hukata kaboni 2.

Ila usiandike kwamba "wanyama hawawezi". Andika mamalia. Mnyoo mdogo C. elegans ana jeni iitwayo fat-1, inayogeuza omega-6 kuwa omega-3, na mwaka 2004 panya waliopewa jeni hiyo waliweza kufanya vivyo hivyo.

Jambo la mwisho kabla hujaagiza jeni ya mmea: angalia inafanya kazi wapi. FAD2 na FAD3 hukaa kwenye retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa utando ndani ya seli, na hupokea elektroni kutoka saitokromu b5, protini ambayo hamira inayo. FAD6, FAD7 na FAD8 ni za kloroplasti, sehemu ya seli ya mmea inayonasa mwanga, zinategemea feredoksini, protini nyingine ya kupitisha elektroni, na kwenye hamira ya kawaida zitakukalia kimya.